Saa Iliyokuwa Ikirudi Nyuma: Kuunganisha Seva Zangu na Kukusanya Logi Zake Mahali Pamoja

Kwa muda wa miezi minne mdogo wangu wa kike alikuwa akinipigia simu kwa maneno yaleyale: "Shikamoo kaka, mashine imegoma tena." Ana duka dogo la vifaa vya ofisi na uchapaji mjini Morogoro, na mauzo yake ya kila siku huyaandika katika programu inayoendeshwa na kompyuta iliyoko nyumbani kwangu Tabata, Dar es Salaam. Kila umeme ulipokatika dukani na kurudi, intaneti ilirudi mara moja, WhatsApp ikafunguka, wateja wakatuma nyaraka zao za kuchapishwa, lakini programu ya mauzo ilikataa kufunguka kwa dakika kumi, au arobaini, au hamsini, kisha ikafunguka yenyewe bila mtu kugusa chochote. Nami nilimjibu kama mafundi wote wanavyojibu: "Izime, subiri kidogo, uiwashe." Baadaye niligundua kwamba jibu hilo ndilo lililokuwa likirefusha tatizo, na sikuligundua kwa ujanja wangu, bali kwa kusoma logi (kumbukumbu ambazo mashine hujiandikia zenyewe) za mashine zote tatu zikiwa zimepangwa pamoja. Hapa nitaeleza jinsi nilivyoziunganisha mashine hizo, jinsi ninavyokusanya logi zake, na jinsi mambo hayo mawili, ambayo nilidhani ni kazi mbili mbalimbali, yalivyokuwa yameshikana kiasi cha kuangushana.

Mashine yenyewe ya Tabata ni kompyuta ya mezani iliyowahi kutumika ofisini, yenye gigabaiti 8 za RAM, inayoendeshwa na Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux. Dukani kuna Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo sana, iliyobandikwa ukutani nyuma ya kaunta, na kazi yake ni kuwa lango: kompyuta ya mauzo na mashine ya kuchapa hupitia hapo kila zinapohitaji kitu kilichoko Tabata. Mashine ya tatu ni seva ndogo ya kukodi iliyoko Ulaya, ambayo haihifadhi chochote cha maana. Ipo kwa sababu tu ina anwani ya IP inayoonekana duniani kote.

Hitaji hilo la anwani ndilo linalowakwamisha wengi wanaoanza kuendesha seva nyumbani katika ukanda wetu, kwa hiyo nitalieleza kidogo. Akiba kuu ya dunia ya anwani za IPv4, yaani zile za kawaida zenye namba nne, iligawiwa hadi fungu la mwisho mwezi Februari 2011, na AFRINIC, shirika lenye makao yake Mauritius linalogawa anwani hizo kwa Afrika, liliingia mwaka 2020 katika awamu ya mwisho ya kugawa kilichobaki kwa vipimo vidogo. Kampuni za intaneti zilijibu uhaba huo kwa kuwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na mwaka 2012 lilitengwa fungu maalumu kwa ajili ya mpango huo, kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255. Ukifungua ukurasa wa hali ya ruta yako na kukuta kwamba anwani iliyopewa kwa upande wa nje inaanza na 100 na namba ya pili iko kati ya 64 na 127, basi acha kuhangaika kufungua poti kwenye ruta hiyo, kwa maana mlango unaoufungua ni wa chumbani na geti la nje lina ufunguo wake kwa mtu mwingine. Mimi sikulijua hilo, na nilipoteza Jumamosi nzima nikibadilisha mipangilio ya ruta ambayo haikuwa na kosa lolote.

Njia ya kutokea ni kugeuza mwelekeo wa wito. Kwa kuwa hakuna anayeweza kuifikia mashine ya Tabata wala ya Morogoro kutoka nje, zote mbili huanza zenyewe kuitafuta seva ya Ulaya, na seva hiyo huwa kama njia panda inayozikutanisha. Nilitumia WireGuard, programu ya kuunganisha mashine kwa njia ya siri, yaani handaki, ndani ya intaneti, iliyobuniwa na Jason Donenfeld na kuingizwa katika kiini cha Linux toleo la 5.6 mwezi Machi 2020. Kila mashine ina ufunguo wa siri usiotoka ndani yake na ufunguo wa umma unaopewa wenzake. Pakiti zote (vipande vya data) husimbwa na kusafiri kwa UDP, njia ya kutuma bila kusubiri uthibitisho, kwa desturi kupitia poti 51820. Kwa mashine mbili zilizo nyuma ya ruta za kampuni niliongeza mstari wa `PersistentKeepalive = 25`, unaotuma pakiti tupu kila baada ya sekunde 25, kwa sababu ruta za katikati husahau upesi nani alikuwa akizungumza na nani, na zikishasahau, majibu ya kutoka nje hayafiki tena. Ni kweli kwamba mpangilio huu una kichekesho chake: taarifa ya kuuzwa kwa rimu moja ya karatasi hutoka Morogoro, hupita chini ya bahari hadi Ulaya, kisha hurudi Dar es Salaam, umbali ambao kwa barabara ni chini kidogo ya kilomita 200. Kwenda na kurudi huchukua kama theluthi moja ya sekunde, na mdogo wangu hajawahi kulalamikia hilo hata mara moja.

Katika kuchagua anwani za ndani nilikuwa mwangalifu zaidi, na sijutii. Ruta nyingi hutoka kiwandani zikiwa na 192.168.0.0 au 192.168.1.0, kwa hiyo mtu akiunganisha nyumba mbili zenye fungu hilohilo, kompyuta haitajua kama 192.168.1.10 ni printa iliyo mezani au seva iliyo mji mwingine. Nilitenga 10.77.0.0/24 kwa ajili ya handaki lenyewe, 10.77.10.0/24 kwa nyumbani na 10.77.20.0/24 kwa duka, na namba ya tatu hunieleza papo hapo pakiti inatoka wapi. Kwa majina nilitumia `home.arpa`, kikoa kilichotengwa mwaka 2018 kwa mitandao ya nyumbani, badala ya `.local`, ambayo tayari ina kazi yake katika vifaa vinavyojitangaza vyenyewe kwenye mtandao.

Kuna jambo moja la mtandao ambalo lilinisumbua mapema, nalo ni ukubwa wa pakiti. WireGuard huongeza baiti 60 juu ya kila pakiti inaposafiri kwa IPv4 na baiti 80 inaposafiri kwa IPv6, ndiyo maana kipimo chake cha kawaida ni 1420 badala ya 1500. Hata hivyo, mtandao wa simu unaotumiwa na duka ulikuwa na nafasi finyu zaidi ya hiyo. Dalili yake ni ya kupotosha sana: ping (salamu ya kujaribu muunganisho) inajibiwa, SSH (njia ya kuingia kwenye mashine ya mbali) inafunguka, unaandika nywila yako vizuri, kisha unaomba orodha ndefu ya mafaili na skrini inaganda. Pakiti ndogo zinapita na kubwa zinatupwa kimyakimya. Nilijaribu ukubwa mbalimbali kwa ping iliyokatazwa kugawanya pakiti, mwishowe nikashusha kipimo hadi 1280, ambacho ndicho cha chini kabisa kinachokubaliwa na IPv6, na tangu hapo sijaiona dalili ile tena. Niliitaja hapa kwa sababu logi nazo ziliathirika: mstari mmoja mrefu ulipokwama njiani, yote iliyoufuata katika muunganisho huohuo ilisubiri nyuma yake, nikadhani kwamba ni programu ya logi iliyokufa.

Sasa nije kwenye logi zenyewe. Awali kila mashine ilijiandikia yake, na kila lilipotokea tatizo nilifungua madirisha matatu ya terminali, nikawa ninalinganisha mistari kwa macho. Njia hiyo ina kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba mashine iliyozimika haiwezi kukuonyesha ilichoandika kabla ya kuzimika. Ya pili ni kwamba Raspberry Pi huandika kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, na kadi hizo hazipendi kuandikwa mfululizo usiku na mchana, wala hazipendi umeme ukatike katikati ya kuandikwa. Nilikuwa nimeshazika mbili.

Desturi ya kutuma logi kwenye mashine nyingine ni ya zamani kuliko wengi wetu tunavyodhani. Eric Allman aliandika syslog, mfumo wa kuandika na kutuma logi, huko Berkeley katika miaka ya 1980 kama sehemu ya Sendmail, programu ya barua pepe, na muundo wake ukasambaa kabla haujaandikwa rasmi popote. Waraka uliouelezea, RFC 3164, ulitoka mwaka 2001 na ulieleza tu yale ambayo watu walikuwa wakiyafanya tayari. Katika muundo huo wa zamani mhuri wa muda hauna mwaka wala ukanda wa saa. Muundo mpya wa RFC 5424, wa mwaka 2009, ulirekebisha hilo kwa kudai tarehe kamili pamoja na tofauti ya saa, na ushauri wangu kwa yeyote anayeanza leo ni kuutumia huo tu. Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna sababu ya ziada ya kuwa makini hapa. Mdogo wangu akiniambia kwamba mashine iligoma saa mbili usiku, kwenye logi ya dukani hiyo ni 20:00, na kwenye seva ya Ulaya niliyoiacha katika UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, ni 17:00; niliwahi kutafuta kosa la saa mbili usiku kwenye mistari ya saa 02:00 kwa nusu saa nzima kabla ya kujicheka mwenyewe.

Kuhusu programu ya kukusanyia, nilipima mambo kwa uwezo wa mashine niliyo nayo. Elasticsearch ingekula sehemu kubwa ya RAM yangu kabla haijahifadhi hata mstari mmoja. Loki, ambayo Grafana Labs waliitangaza mwaka 2018, ni nyepesi zaidi kwa kuwa haitengenezi faharasa ya maneno yote bali ya lebo pekee, nayo ni chaguo zuri kwa mwenye mashine nyingi na anayependa kuona grafu. Mimi nina mashine tatu. Nilichagua rsyslog, programu iliyoanzishwa na Rainer Gerhards mwaka 2004 ambayo imezoeleka sana katika Linux, nikaiambia iandike mafaili ya kawaida, faili moja kwa kila mashine kwa kila siku, na chombo changu cha kutafutia ni `grep`. Kuna watakaoona huo ni ushamba, lakini faili la maandishi nitaweza kulifungua hata miaka kumi ijayo.

Kwa usafirishaji, uamuzi ulihitaji fikra zaidi. Syslog ya asili hutumia UDP kwenye poti 514, na UDP haiulizi kama ujumbe umefika. TCP ni bora, lakini nayo ina tundu ambalo halizungumzwi sana: mtumaji huhesabu kwamba ujumbe umekwenda pale tu unapoingia kwenye kihifadhi cha mfumo wake mwenyewe, na muunganisho ukikatika wakati huo, mistari iliyokuwa humo hupotea bila yeyote kujua. Kwa mtandao unaokatika mara kwa mara kama wetu hilo si jambo la kinadharia. Kwa hiyo nilitumia RELP, itifaki iliyotoka katika mradi huohuo wa rsyslog, ambayo mpokeaji hukiri kila ujumbe baada ya kuupokea, na mtumaji haufuti kwenye foleni yake hadi uthibitisho huo umfikie. Foleni yenyewe niliipa ruhusa ya kumwagikia diskini inapozidi kurefuka, na nikaiagiza ijaribu kutuma tena bila kikomo. Mwezi Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika nje ya pwani ya Afrika Kusini na intaneti ya Afrika Mashariki ikadhoofika kwa siku kadhaa, handaki langu lilikuwa likipanda na kushuka saa zote, lakini logi zilifika, zikiwa zimechelewa na zikiwa kamili.

Foleni hiyo, lakini, haiandiki diskini kila kitu. Huanza kufanya hivyo pale tu sehemu yake iliyo kwenye RAM inapokaribia kujaa, kwa hiyo umeme ukikatika ghafla, mistari iliyokuwa bado kwenye RAM hupotea. Kwa sababu hiyo niliacha pia nakala ndogo ya journald, daftari la logi la mashine yenyewe, kwenye kadi, yenye kikomo cha megabaiti 200. Ni maafikiano kati ya uhai wa kadi na uhai wa ushahidi, na ushahidi huo ulikuja kunifaa.

Katika mashine ya Tabata, inayopokea zote, niliandika kiolezo ambacho huanza kila mstari kwa mihuri miwili ya muda:

`%timegenerated:::date-rfc3339% %timereported:::date-rfc3339% %fromhost-ip% %syslogtag%%msg%`

Wa kwanza ni muda ambao mpokeaji aliupata ujumbe kwa saa yake mwenyewe. Wa pili ni muda ambao mtumaji anadai kwamba jambo lilitokea. Anwani niliichukua kutoka kwenye muunganisho wenyewe badala ya kuamini jina ambalo mtumaji amejiita. Katika siku ya kawaida mihuri hiyo miwili hutofautiana kwa chini ya sekunde moja, na nusura niuondoe mmoja kwa kuona kwamba unapoteza nafasi.

Ili mihuri ilingane, niliona inafaa mashine zote zichukue saa mahali pamoja. Nilisakinisha chrony, programu ya kusawazisha saa, kwenye kila mashine, na ile ya dukani nikaielekeza kwenye anwani ya seva ya Ulaya ndani ya handaki, 10.77.0.1, ikiwa ndiyo chanzo chake pekee. Nilijipongeza kwa usafi wa mpango huo. Ndipo simu za Morogoro zilipoanza, ingawa sikuhusisha jambo hili na lile hata kidogo, kwa sababu umeme haukukatika wiki ile wala iliyofuata.

Jioni moja ya Ijumaa nilikuwa mbele ya skrini tatizo lilipotokea, nikaamua kutomwambia mdogo wangu aguse chochote. Umeme wa duka ulikatika saa 18:55 na kurudi saa 19:10. Handaki lilisimama saa 19:48. Nilipofungua faili la siku hiyo nilikuta mamia ya mistari iliyopokelewa yote kwa mkupuo saa 19:48, kama nilivyotarajia kutoka kwenye foleni, lakini muhuri wa pili wa mistari hiyo haukuanzia 19:10. Ulianzia 18:17. Mashine iliyowaka saa moja na dakika kumi usiku ilikuwa ikiamini kwamba ni saa kumi na mbili na dakika kumi na saba jioni. Tena, mstari wa mwisho kabla ya handaki kusimama ulidai kuwa umeandikwa saa 18:55, yaani dakika ileile umeme ulipokatika. Ilikuwa kana kwamba mashine inalazimika kuziishi upya dakika ilizozipoteza, na hairuhusiwi kuzungumza na mtu hadi izimalize.

Hapo nikarudi kwenye matukio ya nyuma. Kila mara Raspberry Pi ilipowaka baada ya umeme kukatika, mistari yake ya kwanza ilikuwa na dakika ya 17: 11:17, 20:17, 08:17. Dakika ya 17 ndiyo ambayo Debian huendesha kazi zake za kila saa, na mojawapo ya kazi hizo kwenye Raspberry Pi hiyo ni programu iitwayo fake-hwclock. Raspberry Pi 4 haina saa yenye betri. Ikizimwa, haijui tena ni saa ngapi. Programu hiyo huandika saa ya wakati huo kwenye faili mara moja kila saa na pia mashine inapozimwa kwa utaratibu, ili ikiwaka iwe na pa kuanzia. Umeme unapokatika ghafla, hakuna utaratibu wowote, kwa hiyo mashine huamka ikiwa katika saa iliyoandikwa mara ya mwisho, ambayo inaweza kuwa nyuma ya wakati umeme ulipokatika kwa karibu dakika sitini. Hilo peke yake si kosa, kwa kuwa chrony huirekebisha mara tu inapopata chanzo cha saa.

Lakini chanzo hicho nilikuwa nimekiweka ndani ya handaki, na handaki lenyewe lina masharti yake kuhusu saa. Ujumbe wa kwanza ambao mashine hutuma kwa WireGuard ili kuanzisha mazungumzo hubeba muhuri wa muda, na mpokeaji hukumbuka muhuri mkubwa kuliko yote aliyowahi kuupokea kutoka kwa ufunguo huo. Ukija ujumbe wenye muhuri usiozidi huo, huutupa bila kujibu. Sharti hilo limewekwa kwa sababu ya maana: bila hilo, mtu aliyenasa ujumbe wa jana angeweza kuurusha tena leo na kuvuruga mazungumzo halali. Seva ya Ulaya haikuzimika, kwa hiyo iliendelea kukumbuka muhuri wa muda mfupi kabla ya 18:55, na kila ombi la Raspberry Pi lililodai kuwa ni 18:17 au 18:30 ililichukulia kuwa ni mwangwi wa mtu asiye mwema. Mashine haikuweza kupata saa bila handaki, wala handaki bila saa. Kilichoiokoa ni kwamba saa yake, japo ilikuwa na makosa, ilikuwa ikitembea, na ilipofika mahali umeme ulipokatikia, mlango ukafunguka. Ndiyo maana hakuna mara hata moja ambayo ilisubiri zaidi ya saa moja.

WireGuard kwa kawaida haiandiki logi yoyote. Niliwasha maandishi yake ya uchunguzi kwenye kiini cha Linux cha ile seva ya Ulaya, nikasubiri umeme wa Morogoro ukatike tena, jambo ambalo halikuchukua muda mrefu, na safari hiyo nikaona mstari baada ya mstari ukisema kwamba ombi la kuanzisha mazungumzo kutoka dukani si halali, hadi dakika handaki liliposimama, kisha kimya.

Sasa fikirini ushauri wangu wa kuzima na kuwasha. Mdogo wangu huzima kwa kuchomoa waya, na kila alipochomoa, saa ilirudi tena kwenye dakika ya 17 na kusubiri kukaanza upya. Katika journald ya dukani nilikuta siku ambayo mashine ilikuwa imewashwa mara tatu, na mara zote tatu ilianza kwenye 17:17. Nilimpigia simu kumwomba radhi. Aliniuliza kama ina maana kwamba siku zote zile angeweza kukaa tu akanywa chai yake, nikamjibu kwamba ndiyo, na kwamba angeimaliza kabla mashine haijapata nafuu.

Marekebisho yalikuwa mepesi ukilinganisha na utafutaji. Niliiondoa seva ya Ulaya katika vyanzo vya saa vya Raspberry Pi na kuiweka ichukue saa kutoka kwenye seva za umma za ntp.org, nje ya handaki. Hata hapo nilikaribia kutumbukia katika shimo lilelile kwa mlango mwingine, kwa sababu seva hizo hutajwa kwa majina, na kazi ya kutafsiri majina kuwa anwani nilikuwa nimeipeleka Tabata, yaani ndani ya handaki. Ilibidi Raspberry Pi iwe na njia yake ya DNS inayotumia mtandao wa simu moja kwa moja. Kisha nilinunua Kariakoo kibao kidogo cha DS3231, ambacho ni saa yenye betri ya CR2032, nikakichomeka kwenye pini za Raspberry Pi, nikaongeza mstari mmoja katika mipangilio ya kuwashia na kuiondoa fake-hwclock. Saa hiyo hupotoka kwa kiasi kisichozidi kama dakika moja kwa mwaka, ambacho kinanitosha na kubaki. Raspberry Pi 5 inakuja na saa yake na mahali pa kuchomekea betri, kwa hiyo mwenye kununua leo atajiepusha na sehemu hii. Mwisho niliagiza huduma ya WireGuard isianze kabla saa haijathibitishwa.

Mengine yaliyobaki nitayapitia upesi. Seva yenye anwani ya umma hupigiwa hodi na wageni wa SSH kutwa kucha, kwa hiyo nilifunga kuingia kwa nywila, nikabakiza funguo tu, na majaribio hayo yote nayapeleka katika faili lake la pembeni ili yasifunike mistari yenye maana. Niliwahi pia kuweka kwenye Raspberry Pi kanuni ya nftables, kichujio cha pakiti cha Linux, ya kuandika logi kwa kila pakiti inayotoka, bila kukumbuka kwamba logi nayo hutoka kwa pakiti: kila mstari ulizaa pakiti, kila pakiti ikazaa mstari, na asubuhi nikakuta diski ya Tabata imebakiwa na asilimia mbili. Kuhusu muda wa kuhifadhi, nafuta kila kitu baada ya siku 90. Logi za maswali ya DNS nilizizima kabisa baada ya kuzitazama kwa siku moja, kwani zilinionyesha kila tovuti iliyofunguliwa na kila mtu wa nyumbani kwangu, na hayo si mambo niliyokuwa nikiyatafuta. Kwa anayewahudumia watu wengine, ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ya kuzingatia.

Logi zilizokusanywa zilinipa pia jambo ambalo sikulitarajia. Nilipopanga saa zote ambazo mashine ya duka ilizimika, niliona kwamba nyingi ziliangukia mwishoni mwa mwezi, mchana, siku za kazi, na majirani wa duka wakati huo walikuwa na umeme. Nilimuuliza mdogo wangu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kaka, hizo ni yuniti za LUKU zilikuwa zimeisha."

Jumanne iliyopita ziliisha tena. Mstari wa mwisho kutoka dukani ulikuwa wa saa 13:52, na wa kwanza baada ya hapo ulipokelewa saa 14:09:41 ukidai kwamba umeandikwa saa 14:09:03, sekunde ambazo handaki lilihitaji kusimama. Simu haikuita.